Meza Imelalia Kushoto

Shoga, nimekwisha. Mimi na shahada yangu, tumekwisha.

Unazijua zile chembe zangu zinazopita na maji kwenye vijifereji vyembamba kama unywele? Zile nilizokuchosha nazo miaka mitatu, kwamba zote hukimbilia ukuta wa kushoto na hakuna ajuaye kwa nini?

Leo kaja fundi seremala kufunga rafu pale maabara. Kaweka pimamaji yake juu ya meza yangu. Kipovu kikaenda kulia, kikatulia huko. Akaniambia, "Dada, meza yako imelalia kushoto."

Imelalia kushoto! Miaka mitatu!!

Nikakigeuza kile kioo chenye vijifereji, mbele nyuma. Chembe zikahamia ukuta wa pili, upande ule ule meza ilikoinamia. Zinateremka tu, shoga. Hakuna ugunduzi. Zinateremka.

Profesa hajui bado. Keshokutwa natetea tasnifu, na mama kashaalika ukoo mzima.

Fundi akaomba karatasi ya kukunja aweke chini ya mguu wa meza. Nikampa sura ya nne, yenye matokeo yote.

Ilitosha kabisa. Meza sasa imekaa sawa.