Kiti Kimoja cha Nairobi

Uwanja wa ndege, Cairo
Machi 1994

Dada Lynnet,

Natumai watoto wako hapo Mbita ni wazima. Ndege yetu iliharibika, na tangu juzi tumekwama hapa. Nalala sakafuni juu ya koti langu, naosha uso chooni. Chai yao haina maziwa.

Leo kimepatikana kiti kimoja cha Nairobi, wakaniita mimi. Nyuma yangu alikuwa Mama Rispa wa Sori, amembeba mtoto anayechemka homa. Akaniambia, "Nenda tu, ndugu yangu. Wewe umefiwa na mama." Nikamtazama yule mtoto, miguu ikakataa. Nimempa kiti, na barua hii ataileta yeye.

Kwa hivyo msinisubiri. Mzikeni Mama Jumamosi. Ukitupa udongo kaburini, tupa mara mbili.

Kaka yako,
Fanuel