Usimwite Mtoto Diadié

Dambakané, baada ya swala ya Ijumaa

Mwanangu Makan,

Nakusalimu salaam nyingi kama punje za mtama. Hujambo, baba? Mkeo Assa hajambo na tumbo lake? Baridi ya huko Ufaransa haijakushika kifua? Sisi huku miili ni mizima. Roho ndiyo haijatulia.

Usinicheke mwandiko, darasa la watu wazima lilinifikisha hapo tu. Nimeandika kwa sababu simu ina masikio. Barua nimempa Niouma, binti wa dada yangu anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi. Ukishasoma, ichome.

Makan, ule ujumbe uliouweka kwenye kundi la kijiji umewasha moto. Umesema umetafuta katika makaratasi ya jeshi la Wafaransa ukampata babu yake baba yako, yule aliyerudi kutoka vitani bila vidole viwili. Kwamba aliandikwa Diadié Soumaré, mwana wa chifu, kwa hiyo sisi na nyumba ya chifu ni damu moja. Na mtoto akiwa wa kiume utamwita Diadié, imamu alitangaze jina hapa kijijini, mimi nichinjishe kondoo. Najua ulifurahi, mwanangu. Mimi nilifunga mlango mchana kweupe.

Kesho yake kisimani, Coumba mke wa chifu akaniambia mbele ya wanawake wote, kumbe Goundo wee ni binti mfalme na hukutuambia! Basi harusi ijayo njoo ukae mkekani, sisi tukupikie. Wakacheka. Nami nikacheka nao, nikajitwika ndoo kabla haijajaa. Jioni akaja mdogo wake chifu. Hakuketi, maji hakunywa. Akasema nikwambie kwamba mtu akisahau mahali pake hukumbushwa. Wale wa kijiji cha pili unajua walivyokumbushwa: mapaa yaling'olewa, wakalala porini na watoto wachanga.

Uliondoka hapa ukiwa mdogo. Ulidhani napika kwenye harusi zao kwa mapenzi, na baba yako, Mungu amrehemu, anawachinjia ng'ombe kwa kuwa ana mkono mwepesi. Sivyo, mwanangu. Kwao sisi ni watumwa, tangu mababu. Soumaré ni jina lao. Walitupatia kama mtu anavyomtia ng'ombe wake alama.

Wafaransa walipotaka vijana wa vita, chifu wa wakati huo aliambiwa amtoe mwanawe. Diadié wa kweli akafichwa ndani ya ghala la mtama, akapelekwa kijana mtumwa wa nyumba yao, akaambiwa kuanzia leo wewe ndiwe Diadié. Akaandikwa hivyo, akapigwa risasi kwa jina hilo. Aliporudi wakamvua hilo jina kama kanzu ya kuazima, wakampa jembe. Diadié wao amezikwa karibu na msikiti na vidole vyake vyote kumi, na mpaka leo wanamwimba shujaa. Karatasi yako inamtoa ghalani mbele ya watu. Wazee wao wanalijua hilo, wanaogopa. Na mkubwa akiogopa, mdogo ndiye anayeumia.

Bibi yako alininong'oneza haya siku niliyokuzaa wewe. Nilinyamaza ili ukue umeinua kichwa.

Nakuomba, baba, niko magotini. Waambie hao watu ulikosea, karatasi ile ni ya mtu mwingine. Hutakuwa umesema uongo. Na usije mwaka huu, hata nikikuita kwenye simu. Nikikuita, ujue kuna mtu amesimama karibu yangu.

Mtoto akija, mwite Birante. Ndilo jina ambalo yule askari alipewa na mama yake. Kondoo nitamchinjisha. Imamu atalitamka kwa sauti, nyumba ya chifu watakuwepo, watakula nyama na kuitikia amina, na hakuna atakayeshtuka. Hawalijui. Hawakumwita hivyo hata siku moja.

Mwambie Assa asinyanyue vitu vizito. Vaa soksi. Mungu akufunike pale mkono wangu usipofika.

Ni mimi mama yako,
Goundo