Nilivyopiga Kura Yangu ya Kwanza

Jumapili jioni, siku ya uchaguzi

Nimepiga kura, ingawa asubuhi nilikaribia kulia mbele ya kijiji kizima.

Msimamizi wa kituo alinisikia nikimsalimia jirani kwa Kihangaza, lugha yetu ya hapa, akadhani ni Kirundi. “Wewe mkimbizi. Rudi kambini.”

Nilimwambia nimezaliwa hapa Keza, nasoma chuo cha ualimu, na kadi ni yangu. Akasema kadi zinanunuliwa. Watu wa foleni walinyamaza. Hilo limeniuma zaidi, maana wengi wao wananijua.

Aliyesimama kunitetea ni Deo, mwenzangu wa chuoni, wakala wa chama kinachopingana na changu. Tangu tufunge chuo tumebishana kila siku, mpaka juzi akaniita msaliti.

“Shikamoo mzee,” alimwambia msimamizi. “Huyu nimeanza naye darasa la kwanza. Baba yake ndiye katekista wetu. Tafadhali, soma daftari la wapiga kura.”

“Lakini si wa chama chako huyo.”

“Najua, mzee. Ila ni mpiga kura.”

Daftari likafunguliwa, na jina langu lilikuwemo. Nilipewa karatasi, nikapiga kura, nikachovya kidole kwenye wino.

Nilipotoka nilimwambia Deo asante, na kwamba sikumpa mgombea wake kura. “Ningeshangaa ungempa,” akasema, tukacheka wote wawili.

Matokeo bado. Nakiri naogopa, huenda chama changu kikashindwa vibaya. Lakini nimerudi nyumbani kifua mbele, na wakati wa kula nimekataa kunawa kile kidole chenye wino, hata mama aliponigombeza.