Brioshi Aliyoiacha Kavutha

Mpendwa mshauri Jawahir, naomba msaada, na kama utanicheka basi nicheke kimoyomoyo, kwa sababu jambo linalonimaliza ni unga wa mkate, na nikiwaambia akina mama wa kanisani wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, naishi hapa Kaloleni na mume wangu Muasya, dereva wa lori aliyestaafu, na Mungu alikuwa ametupa mtoto mmoja tu, Kavutha, ambaye alisomea upishi akaajiriwa jikoni katika hoteli moja kule Westlands, huko akafundishwa mikate ya Kifaransa, na uliompendeza kuliko yote unaitwa brioshi, mkate wa mayai mengi na siagi nyingi mpaka nikamwuliza, "Sasa huu ni mkate ama ni keki imejificha?" akacheka akasema, "Mathe, ngoja tu uonje."

Babake alipostaafu mwezi wa pili mwaka huu, Kavutha akaomba ruhusa kazini aje amwokee brioshi hapa hapa nyumbani kama zawadi, akaja Jumamosi akakanda ule unga kwa mikono kwenye meza yetu mpaka mabega yakamwuma, anatia siagi kipande kidogo, anakanda, anatia kingine, na mimi nikitaka kuongeza unga mkavu kwa vile naona unanata ananisukuma mkono, "Usiguse! Utaacha kunata wenyewe," na kweli ukaacha, ukawa laini unang'aa kama shavu la mtoto mchanga, halafu akasema lazima ulale kwa baridi hadi kesho ndipo ausuke na kuuoka, na kwa kuwa friji yetu iliharibika zamani akaupeleka kwa jirani yetu Mumina, mlango wa pili.

Asubuhi alitoka kwenda kununua kopo la kuokea. Lori likagonga bodaboda aliyokuwa amepanda, hapo Jogoo Road. Mshauri, siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Tulipotoka kumzika Kitui, Mumina aliniita pembeni akaniambia, "Mama Kavutha, ule unga niliuhamishia kwa friza, sikujua nifanye nini nao," na tangu siku hiyo kila nikilemewa naenda kwake, ananifungulia friza bila kuuliza kitu, naushika mpaka vidole vinakufa ganzi, na juu yake, ndani ya ile plastiki, bado unaona pale alipoubonyeza kwa kiganja.

Sasa Mumina anahamia Isiolo kwa dada yake mwisho wa mwezi, na friji anaenda nayo. Nikamwambia Muasya tutafute friji yetu, akaniangalia weeh, akasema, "Tupa hiyo kitu." Kitu! Nikamwambia, "Ni mikono ya mtoto wako iko ndani," akasimama akatoka nje, na tangu hapo analala kwenye kochi, hatusemezani ila mambo ya chai na funguo, na jina la Kavutha hajalitaja tangu makaburini, kana kwamba hakumzaa yeye.

Nikasema nijaribu kuoka brioshi yangu mwenyewe ili nijue kazi yake, nikaazima oveni ndogo ya stima, nikakanda huku nalia, nikashindwa na kule kunata nikaongeza unga, ikatoka ngumu kama tofali, Muasya akaichukua bila neno akaenda kuitupa jalalani, na wakati huo nilimchukia, Mungu anisamehe.

Nikiuoka ule wa Kavutha ukose kuumuka, nitakuwa nimemwua mara ya pili. Ukiumuka tutaula na utakuwa umekwisha. Nikiuacha utayeyuka uoze. Sioni njia popote, na siku nyingine naona afadhali ningekuwa naye kwenye ile pikipiki. Nifanye nini?

Mama Kavutha, Kaloleni

JAWAHIR ANAJIBU

Mama Kavutha, pole. Najua neno hilo halitoshi, lakini lipokee. Sijacheka. Nilisoma barua yako, nikaiweka mezani, ikanichukua muda kuishika tena.

Kwanza lile la mwisho, uliloliandika upesi upesi ukidhani litanipita. Halijanipita. Leo, kabla hujagusa unga wowote, mwambie Mumina maneno yale yale ya pikipiki, kisha afuatane nawe hospitali ukaonane na daktari. Usiniambie utaenda wiki ijayo. Huzuni ya namna hiyo hutibiwa, na hakuna aibu ndani yake.

Sasa niruhusu nikukemee. Umemchora mumeo kama jiwe. Hebu jiulize: brioshi hiyo ilikuwa ya nani? Binti alikanda mpaka mabega yakamwuma ili kumsherehekea babake. Kama si sherehe hiyo, asingekuwa barabarani asubuhi ile, na aliyemgonga ni dereva wa lori, kazi aliyoifanya Muasya maisha yake yote. Unadhani hayo hayafikirii pale kwenye kochi? Wewe una friza ya kwenda kulilia. Yeye ana nini? Miezi yote hii, umewahi kumshika mkono ukampeleka kwa Mumina naye akauguse?

Alikosea kusema "hiyo kitu". Alikosea pia kuutupa mkate wako bila neno. Lakini nawe, mama, umeufanya msiba huu kuwa wako peke yako.

Kuhusu unga wenyewe sitakudanganya. Nimemwuliza mwokaji ninayemwamini, naye anasema hamira ikikaa kwenye friza muda mrefu hivyo hudhoofika, na huenda imeshakufa. Hata hivyo, jaribuni. Utoeni kwenye friza muuache chini kwenye friji mpaka kesho yake, uyeyuke polepole. Usukeni ukingali baridi, muuweke mbali na moto siagi isije ikachuruzika, kisha msubiri, hata nusu siku, na safari hii usiongeze unga. Ukinuka vibaya msiule. Usipoumuka, ni hamira iliyochoka. Mwanao alikufa mara moja, barabarani, na hakuna mtu anayeweza kumwua tena, hata mama yake mwenye oveni ya kuazima.

Na ukiumuka, uokeni, kisha muule wote. Mkatieni Mumina kipande kikubwa. Wewe unaogopa utakwisha, lakini mkate aliukanda uliwe.

Fanyeni hivyo kabla Mumina hajafunga mizigo. Friji msinunue kwa ajili ya hili.

Kwa hiyo jioni hii, ukishatoka hospitali, kaa kwenye kochi kando ya mumeo. Usianze na lawama. Mwambie, "Baba Kavutha, mkate wako uko kwa Mumina. Twende tukauchukue." Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, mwache alie. Akikataa, kesho keti tena pale pale umwambie tena. Lakini usiende kuuchukua bila yeye.