Riwaya Iliyofungiwa Ndizi

Nyuma ya Stesheni,
Huai Yot, Trang.
14 Septemba

Mpendwa Dada Jum,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako Nui. Hujambo huko kwenye baridi? Shemeji Lennart naye, mgongo umepona? Malin ameota meno ya mbele, au bado anacheka na pengo? Sisi huku tu wazima, ila mvua inatuonea. Wiki ya pili hii hakuna aliyekwenda kugema mpira, kwa hiyo mji mzima umejazana mkahawani kwa Kaka Huat tangu alfajiri, kunywa kahawa na kusengenyana.

Asante kwa chokoleti na kwa kadi ya pongezi. Umeandika kwamba umesoma riwaya yangu usiku mmoja, kwamba nimemchora mama yako vile vile alivyo, na kwamba ulicheka mpaka machozi. Kadi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Umeuliza maisha ya mtunzi yakoje. Weee, acha tu! Karani wa posta amenikasirikia kwa sababu hayumo kitabuni, na mkewe amenikasirikia kwa sababu anadhani yumo. Mwalimu mkuu wa sekondari aliniita niwaeleze wanafunzi mtu afanye nini ili ubunifu usimkaukie. Nikasimama mbele yao na sketi ya kuazima, nikasema amkeni mapema, andikeni kila siku, tembeeni kwa miguu. Uongo mtupu. Mimi kilichoniamsha saa kumi na moja alfajiri miaka yote kumi na minane ni kitu kimoja tu, hamu ya kumlipizia kisasi mama yako, Mama Mkubwa Riam.

Kisa unakijua, lakini leo nakiandika chote, maana nataka kukiona kwenye karatasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Paa la kwetu lilikuwa linavuja, nikakupa wewe madaftari yangu matatu uyaweke chini ya kitanda chako. Riwaya nzima, kwa mkono, bila nakala. Mwezi uliofuata nikanunua ndizi za kukaanga kwa mama yako pale sokoni. Nilikula mbili kabla sijaona kwamba mfuko ule umeandikwa kwa mwandiko wangu.

Unajua jinsi tulivyozunguka sokoni siku ile kutafuta kurasa, wewe umenishika mkono. Mama yako hukunja mifuko yake kwa karatasi kuukuu kama wauza ndizi wote, na soko zima lilikuwa limeshakula. Muuza samaki alinipa ukurasa wa kumi na nne umelowa mafuta. Mzee mmoja akanisomea sentensi zangu kwa sauti ya mapenzi, watu wakavunjika mbavu. Wewe ukaniambia, "Mama alifagia chumba changu, akaona karatasi, akazichukua. Ndivyo alivyo, hajali kitu. Usimwendee, Nui, atakufukuza kwa mwiko." Nikakusikiliza. Nililia begani kwako mpaka blauzi yako ikalowa.

Basi nikamwandika. Katika riwaya yangu anaitwa Bi Chaluai, lakini hakuna mtu wa Huai Yot aliyejiuliza ni nani. Nilimpa kibanda chake, karai lake lenye ukingo uliobonyea, hata ile kawaida yake ya kupenga kamasi na kujifuta kwenye kanga. Kitabu kilipofika mwezi wa pili, nilikaa kwa Kaka Huat, mkabala na kibanda, nikaagiza kahawa, nikangoja aibu imshukie. Kila asubuhi, Dada. Roho ilikuwa inanisuuzika, sitaki kukudanganya.

Ikamshukia kidogo tu. Watu wakaanza kumtania, "Bi Chaluai, leo unafungia kitabu cha nani?" Yeye akawa anacheka nao kama mtu asiyeelewa utani. Halafu wakaanza kuja wageni kutoka Trang mjini kupiga picha naye, wakanunua ndizi, saa nne asubuhi karai limekauka. Nimemtajirisha! Hasira zilinipanda mpaka kichwa kikauma.

Baya zaidi, nikaacha kuandika. Bi Suthida, mhariri wangu wa Bangkok, ananipigia kila Jumatatu. Nimemwahidi riwaya ya pili mvua zikiisha, na nisipoileta atampa mwingine nafasi yangu. Nikawa nakaa mezani tangu asubuhi, nachora paka pembeni mwa karatasi. Nilitembea, nililala mapema, niliacha kahawa, nikarudia kahawa. Hamna. Nilikuwa na kisasi kimoja na nilikuwa nimekimaliza, tena hakikumuuma mwenyewe.

Ndipo Jumanne ya wiki tatu zilizopita nikasema leo lazima kimuume. Nikachukua nakala, nikavuka barabara, nikaifungua ukurasa wa themanini na nane, nikamwekea juu ya meza ya unga mbele ya wateja. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, umeshasoma hapa?"

Akajifuta mikono. Akakishika kile kitabu, Dada Jum, akakishika juu chini. Akaniambia taratibu, "Nisomee wewe, mwanangu. Macho yangu hayawezi kazi hiyo."

Nilidhani ni uzee, nikasoma. Nilikuwa nimejitayarishia siku hiyo miaka mingi, nikasoma kwa sauti kubwa, "Kila alichokigusa Bi Chaluai kilinuka mafuta ya jana, hata watoto wake, hata sala zake." Wateja wameacha kutafuna. Yeye anageuza ndizi. Nikaendelea mpaka pale anapotia moto madaftari ya yule msichana huku anaimba, na mtu niliyekuwa namtukana alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Nilipomaliza akasema, "Mwanamke mbaya sana huyo. Ni nani?"

Hajui kusoma. Hajawahi kusoma hata mstari mmoja. Lile gazeti analolifungua kila asubuhi anatazama picha. Alitolewa shule wiki ya kwanza ili awalee wadogo zake, mmoja wao mama yangu, na ameona haya kusema kwa miaka yote sabini na mbili. Wewe ulijua. Ni wewe uliyekuwa ukimsomea barua za hospitali.

Nikamuuliza karatasi zile za madaftari alizitoa wapi. Hakufikiri hata kidogo. "Si Jum aliniletea? Alisema ni mazoezi ya shule, mwalimu ameshayasahihisha. Alikaa pale kwenye gunia la mchele akayasoma mchana kutwa. Kwanza alikuwa anacheka. Baadaye akanyamaza. Halafu akakunja mifuko yote mwenyewe, nilitaka kumsaidia akakataa."

Ulikunja mwenyewe. Uliisoma mpaka mwisho kwanza, ndiyo maana najua kwamba haikuwa mbaya. Kama ingekuwa mbaya ungenirudishia.

Nilikaa chini pale pale kwenye unga. Mama yako akadhani nimeona njaa, akanipa ndizi. Nimekuwa nikimpa mama wa watu salamu za mdomo tu tangu nikiwa binti, nimemwita mchomaji wa vitabu mbele ya nchi nzima, na yeye ananipa ndizi ya moto! Nikamwambia ukweli kwamba Bi Chaluai ni yeye. Akaziacha ndizi za karaini mpaka zikaanza kuungua, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akaniuliza, "Na Jum amekisoma?" Nikasema ndiyo. "Akasemaje?"

Nilikuwa na kadi yako mkobani. Nikamsomea.

Sasa habari njema. Kuandika kumerudi. Tangu Jumanne ile nina kurasa tisini, zinatoka zenyewe, hata chakula nasahau. Bi Suthida amesoma thelathini za mwanzo, anasema zina makali kuliko za kitabu cha kwanza. Ni hadithi ya msichana mwenye sauti tamu anayemshika mwenzake mkono sokoni. Ameolewa mbali, kwenye theluji, anatuma chokoleti kila mwaka. Nimempa kidevu chako na ile tabia yako ya kugusa hereni unapotunga uongo. Jina nimebadilisha kidogo sana. Nakala moja nitamtumia Shemeji, na Malin atasoma akikua. Bi Suthida anasema huenda wakakitafsiri.

Ninachokikosa ni kimoja tu. Sijui kwa nini. Ulikuwa dada yangu, ulikuwa na miaka ishirini na miwili, mrembo, kila mtu akikupenda. Nakaa mezani nakuuliza na hunijibu. Niandikie unieleze kabla ya mwisho wa Oktoba, kwa maana sura hiyo ndiyo ya mwisho. Ukinyamaza nitaitunga mwenyewe, na umeshaona nilichomtungia mama yako nikiwa sijui kitu.

Kaka Huat anakusalimu. Mama yangu anakusalimu, anasema usikose kumfunika Malin masikio. Juma la pili la Oktoba ni sikukuu ya mababu, tutapeleka sahani ya chakula hekaluni kwa ajili ya marehemu baba yako, naye akukumbuke kwa heri huko aliko.

Mama Mkubwa Riam anakusalimu kivyake. Asubuhi hii nimemsomea barua hii yote, neno kwa neno, kabla ya kuifunga. Nimemuuliza kama kuna mahali nipunguze ukali. Amesema hapana, ila niandike wazi kwamba amesomewa.

Mababu wakulinde huko uliko.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Nui