Si Ua, Mama

Dada Rehema,

Shikamoo, na usicheke mpaka umalize kusoma. Unakumbuka lile tumbawe laini uliloliokota ufukweni Tanga, lililotandaa kama pepeo? Nilimletea mama mkwe liwe zawadi yake huku Bujumbura. Jana sebule imejaa wageni wa kanisani, nikalikuta kwenye chombo cha maua, mama mkwe analimwagilia maji! Mume wangu akanikonyeza ninyamaze. Nikalichomoa mbele ya wote.

"Mama, hili si ua. Ni wanyama, ndugu wa yavuyavu wanaotuwasha tukioga baharini. Kila kitundu hapa alikaa mmoja, na mikono minane kuzunguka mdomo."

Mzee mmoja akacheka: "Apana, ua ni ua tu."

Mama mkwe akavaa miwani, akavitazama vile vitundu kimoja kimoja. Nikajua leo narudishwa kwetu. Akamgeukia yule mzee (huku mnyama huitwa nyama): "Mutoto wangu amesema ni nyama. Iko na mikono munane. We uko nayo ngapi?"

Nimekukumbuka mno, dada. Ule usia wako kwamba ukweni watu hunyamaza, nakurudishia na kadi hii.

Mdogo wako,
Neema