Upande wa Pili wa Barua ya Nicodemus

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Nakuru. 12 Agosti 1957, saa tatu asubuhi.
Jina: Akoth binti Odero. Umri: miaka 15. Kazi: mwanafunzi. Makao: nyumba za reli, Nakuru.

Mimi ndiye humsomea baba barua zake na kumwandikia majibu, kwa sababu yeye hakusoma. Rafiki yake ni Nicodemus Omolo, wa mgodi wa Kariandusi. Huyo mtu kila mwezi huandika kwamba anakuja kututembelea, na baba hunituma kwa mwangalizi wa nyumba kuchukua kibali cha mgeni. Hufika na vumbi jeupe la mgodi, akakalia kiti chetu kimoja, na akiinuka kiti kiko kama kimepakwa unga. Hulala kitanda changu. Mimi ni mtu wa haya, sijibu, na yeye ndipo huniweza. Huniuliza, "Mwalimu, hii chai imeogopa majani?" Amekula samaki wetu mpaka kichwa, na baba anacheka.

Mnamo tarehe 6 Agosti, saa kumi na moja jioni, nilimsomea baba barua ya Nicodemus. Salamu zilijaza ukurasa mzima: mama, majirani, hata kuku wetu mwekundu. Baba alisikiliza amefumba macho. Upande wa pili, niliokuwa nimeupitia kwa macho kabla ya kumsomea, iliandikwa kwamba Jumamosi atamleta mkewe Akeyo, siku zake zimekaribia, akae kwetu karibu na hospitali mpaka ajifungue, na tuchukue kibali mapema. Niliona kitanda changu kimekwenda. Sikugeuza karatasi. Nikamalizia, "Ni mimi rafiki yako, Nicodemus."

Baba akauliza, "Haji mwezi huu?"

Nikasema, "Hajasema."

Barua niliificha ndani ya daftari langu la hesabu.

Tarehe 10 Agosti, saa tisa mchana, walifika. Askari wa reli akataka kibali. Nicodemus akasema, "Muulize Odero, nilimwandikia." Baba akaitwa kutoka karakana. Akasema alivyojua: "Sikuambiwa unakuja."

"Odero, unanikana mbele ya mke wangu?"

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sufuria. Sikuitaja barua. Nicodemus akapelekwa selo kwa kuingia bila kibali na kumdanganya askari. Akeyo yuko kwenye benchi hapo nje, miguu imevimba. Jana baba alisukuma sahani akasema, "Miaka tisa, kumbe ni mwongo."

Hata leo simpendi Nicodemus. Huchokoa meno mezani na kujisifu kwa viatu vya kupewa. Lakini mwongo si yeye, wala si baba.

Nililolijua na nililolifanya nimelisema lote, bila kulazimishwa.

(Sahihi) Akoth Odero

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Kiptanui, nikamsomea shahidi, akakubali. Barua imepokelewa, ilikuwa bado ndani ya daftari. Odero, aliyekuja na bintiye, aliomba kuisikia. Nilimtoa Omolo selo naye asikilize, nikamwambia shahidi aisome. Alianza na salamu. Odero akasema, "Hizo nilizisikia. Geuza."